Mbuzi wa Posa ya Chelagat

Nakuru, 14 Januari 1957

Mjomba wangu arap Siele,

Nakusalimu wewe na Mama Tapkigen, na ng'ombe wote kwa majina yao, na yule jogoo anayewika wakati watu hawajamaliza hata kulala. Mimi niko salama. Wodi imejaa tangu Krismasi, maana watu walikula kama waliotangaziwa mwisho wa dunia. Sista amenipandisha cheo, sasa napima homa na kuandika kwenye karatasi ya mgonjwa. Kupiga deki nimeacha, isipokuwa siku ambazo mpiga deki hajaja, na huyo mtu haji.

Sasa nisikilize, na ukae chini kwanza. Kuna kijana anaitwa Kimaiyo, Mkeiyo wa huko Tambach, anafanya kazi ya reli hapa stesheni. Anataka kuja kwako na ndugu ya baba yake kuniposa. Nimemwambia kwamba mama yangu alipofariki ni wewe kaka yake uliyenilea, na kwamba hata ningekuwa na wazazi kumi, kwetu msichana hatoki bila neno la mjomba wake. Nimemwambia pia kuhusu mbuzi. Anajua kwamba lazima mbuzi atoke zizini kwa baba yake, kwa kuwa mbuzi husema habari za nyumba iliyomkuza.

Mjomba, nakuomba uwe mpole. Tangu nikiwa mtoto nimekuona ukiinamia matumbo ya mbuzi kama karani aliyeletewa hesabu mbaya. Mshipa mwekundu ni njia, doa jeusi ni shimo, maji ni wageni. Ila sijawahi kuona mbuzi aliyesema maneno mabaya kiasi cha kukuzuia kumla. Na wale wa zizini kwako husomwa na mzee arap Barno, kwa kuwa mlisema mwenye boma huona anachotaka kuona. Basi kwa huyu wa Kimaiyo, soma kilichopo.

Mimi mtoto wako,
Chelagat


Mau Narok, 10 Februari 1957

Mwanangu Chelagat,

Barua yako ilifika imekunjwa kama sambusa. Niliisoma mara mbili kama tulivyofundishwa jeshini, kwanza haraka kujua kama kuna vita, halafu polepole. Sisi tuko vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Trekta ya Bwana mwenye shamba ilizama kwenye tope ikavutwa na maksai wanane, na mimi nyapara ndiye niliyepewa lawama, kana kwamba ni mimi niliyeileta mvua Februari. Mama Tapkigen anakusalimu, anauliza kama unakula.

Wageni wako walikuja Jumamosi. Kijana si mbaya. Ana meno mazuri na mikono ya kazi, ila akimeza tonge moja anaangalia saa, nikadhani ana treni jikoni kwangu. Ndugu ya baba yake ni mtu wa kanisa, hajui utumbo wala maini, kazi yake ilikuwa kufumba macho tukichinja. Barno alikuwa amekwenda Molo, kwa hiyo nilisoma peke yangu.

Mbuzi mwenyewe alinishangaza. Kuanzia kwenye shamba la ngano aliwatangulia wageni, bila kamba, akafika mpaka langoni kama mtu anayerudi kutoka kazini. Nikasema moyoni, huyu anapenda boma letu.

Lakini matumbo hayakuwa mazuri, mwanangu. Njia ilianza vizuri, nyekundu, imenyooka. Halafu karibu na mwisho kulikuwa na shimo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nimewaambia wangoje mpaka ngano ivunwe, tuone mwaka unaishaje. Hawakufurahi, lakini nyama walikula. Iliyobaki Mama Tapkigen aliwagawia majirani, maana mimi siku hiyo sikuwa na hamu nayo.

Jambo dogo la mwisho. Kuna mtu hapa shambani anasumbuliwa na tumbo. Kama unaweza kupata ile dawa nyeupe ya unga, mtumie.

Mjomba wako,
arap Siele


Nakuru, 24 Februari 1957

Mjomba,

Salamu kwenu nyote, na kwa ndume mpya. Nakula, mwambie Mama. Hapa mvua ilinyesha siku mbili, ikaingia wodini, tukazunguka na vitanda kutafuta mahali pakavu kama watu wanaohama nyumba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nilikasirika. Mpaka ngano ivunwe? Hiyo ngano hata haijapandwa. Kimaiyo anahamishwa mwezi wa Juni, anapelekwa stesheni ya Longonot, na huko reli ina chumba kimoja tu cha mtu mwenye mke. Asipokuwa na mke kitapewa mwingine. Ndugu ya baba yake ameanza kusema kwamba kama mbuzi amekataa, huko Tambach wapo wasichana ambao hawana mjomba wa kusoma chochote. Kimaiyo anacheka tu anaponieleza hayo. Mimi sicheki.

Na hilo shimo lako, Mjomba, nina mashaka nalo. Hapa nimeona matumbo ya kila aina, na madoa kwenye utumbo wa mbuzi huwa ni minyoo. Yule mbuzi alihitaji dawa, hakuwa na habari zozote za ndoa yangu. Niambie hasa uliona nini. Lilikuwa kubwa kiasi gani, upande gani? Wewe unayeweza kueleza utumbo mmoja mpaka chai ipoe, leo unasema hutaki kuandika zaidi.

Dawa nimeituma kwa mkono wa dereva wa maziwa. Huyo mtu ni nani? Mwambie asinywe na pombe, na kama maumivu yanamwamsha usiku aje aonekane.

Wako mwenye hasira,
Chelagat


Mau Narok, 9 Aprili 1957

Mwanangu mwenye hasira,

Usiseme nimenyamaza. Kwanza kalamu ilivunjika ncha, halafu wino ukaganda kwa baridi, halafu tulikuwa tunapanda. Baridi ya mwaka huu unaijua, ile ya kuoga unafikiria kwanza. Ndume anakua. Jogoo wako amechukuliwa na mwewe, Mama Tapkigen alilia kidogo, mimi nililala vizuri.

Umesema Longonot. Mwanangu, mimi nilisema niliona shimo, nawe unaniandikia kwamba kijana anahamia chini ya mlima ambao juu yake hakuna kitu ila shimo. Unataka mbuzi aseme kwa lugha gani? Nilipita Longonot kwenye treni tukienda vitani. Ni vumbi na twiga. Twiga wenyewe walikuwa wanaangalia treni kwa wivu. Ukikaa kule utakuja hapa lini? Huko Nakuru ni lori moja tu, asubuhi uko kwako na jioni uko kwetu.

Unauliza upande gani, kiasi gani. Hayo hayaandikwi. Kijana akikupenda atangoja, na chumba cha reli ni chumba tu, hata mimi naweza kujenga chumba.

Yule mtu wa dawa anashukuru sana. Anasema ilimsaidia wiki mbili. Anaomba nyingine, na kama kuna yenye nguvu zaidi, hiyo.

Mjomba wako,
arap Siele


Nakuru, Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili 1957

Mjomba wangu,

Heri ya Pasaka kwenu. Jana tuliimba wodini, wagonjwa walituvumilia. Pole kwa jogoo, ingawa najua humlilii.

Jana pia Kimaiyo alikuja kuniona, akakaa kwenye benchi nje ya wodi akizungusha kofia yake mpaka nikamnyang'anya. Akaniambia ukweli wote. Mbuzi wa baba yake walisafiri naye kutoka Tambach vizuri, juu ya basi, mpaka Njoro. Hapo akatafuna kamba akaruka, na mpaka leo ni mbuzi wa Njoro. Wakaona aibu kufika kwako mikono mitupu. Walipofika sokoni Mau Narok walimkuta mwanamke mwenye leso ya manjano anauza mbuzi mmoja, wakamnunua. Yule mwanamke aliwaambia mbuzi hana shida, hahitaji hata kamba.

Walipofika kwako, huyo mwanamke ndiye aliyewamiminia chai.

Kimaiyo anasema yeye na Mama Tapkigen waliangaliana, halafu kila mmoja akaangalia chini mpaka yeye na ndugu ya baba yake wakaondoka. Yeye hakusema kwa sababu amekosea mila, Mama hakusema kwa sababu ameuza mbuzi bila wewe kujua. Na wewe, Mjomba, unayekata sikio la kushoto la kila mbuzi wako kwa kisu chako mwenyewe, unataka niamini hukuliona lile sikio? Basi bomani mle kila mtu alijua mbuzi ametoka wapi, na mbuzi ndiye aliyejua zaidi. Ungemwita Barno arudi kutoka Molo. Badala yake ukamsoma mbuzi wa zizini kwako, halafu ukamtwika Kimaiyo habari zake.

Nimekuwa nikicheka hapa peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Mama Tapkigen hauzi mbuzi. Nimekaa kwenu miaka yote na sijawahi kumwona akiuza hata kuku. Alikuwa anatafuta nauli ya nani? Wewe hukula nyama ile. Wewe. Na dawa yangu inamsaidia mtu wiki mbili halafu anaomba yenye nguvu zaidi.

Mwambie huyo mtu wa dawa kwamba najua jina lake. Mwambie sitamtumia tena hata kijiko kimoja. Aje mwenyewe. Na kama lile shimo liko ndani ya nyumba yake, si vizuri kuliweka njiani kwangu ili nisiende mbali. Namwogopea sana, mwambie hivyo pia.

Chelagat


Mau Narok, 5 Mei 1957

Mwanangu,

Hapa mvua ni ya kweli sasa. Ngano imeota kijani, ukisimama mlangoni unaona kama mtu ametandika blanketi mpaka msituni. Mama Tapkigen mzima. Nimemuuliza habari za leso ya manjano, akanipa uji nikanywa.

Barua yako ililoweshwa na mvua mfukoni kwa dereva. Mwanzo nimeusoma, Pasaka na jogoo. Katikati pote wino umesambaa, sikuweza kuona hata neno. Mwisho nimeona umeandika kuhusu mtu wa dawa kuja mwenyewe. Nimeongea naye. Ni mtu mbishi, lakini amekubali. Atakuja Alhamisi na lori la viazi, na kwa kuwa hajui njia za hospitali, nitamsindikiza. Nitakaa mbele na dereva, yeye atakaa mahali nilipokaa mimi.

Mwanangu, dereva ambaye kaka yake alitibiwa huko anasema watu wenye tumbo kama hili hupasuliwa. Vitani niliona watu waliopasuliwa kwa bomu, sijaona waliopasuliwa kwa utaratibu. Sikatai. Ila nina ombi. Siku hiyo uombe ruhusa usimame ndani. Wakifungua, uangalie, unisomee. Mambo ya madaktari yana lugha yao, mimi nataka macho ninayoyajua. Mwenye boma hawezi kujisomea, na Barno hawezi kuingia huko na viatu vyake vile. Uniambie kilichopo, usinidanganye.

Habari za Longonot tutaongea nikiwa na tumbo zima. Kabla ya hapo usiniulize.

Mjomba wako,
arap Siele


Nakuru, 30 Julai 1957

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na mshono haukusumbuliwa na barabara ile. Wodi ya wanaume imepoa tangu uondoke. Yule mzee wa kitanda cha dirishani anauliza kila siku yuko wapi nyapara aliyekuwa anawaamsha watu kunywa uji kwa amri ya jeshi. Mama Tapkigen nampa pole kwa kupata mume anayeruhusiwa kula kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mwambie maagizo ya daktari hayasemi kwamba mara zote sita apikiwe kitu tofauti.

Daktari alikueleza kwa mdomo wake kwamba kilikuwa kidonda cha tumbo cha siku nyingi, kwamba wamekata sehemu ile na kushona, na kwamba ungechelewa mpaka mavuno tungekuzika. Hayo ni ya daktari. Lakini uliniomba ya kwangu, na wiki zote ulizokaa hapa hukuniuliza, nami sikusema. Vitanda viko karibu mno, na wale wazee walikuwa na masikio.

Sista alinipa ruhusa. Nilivaa gauni na kitambaa cha mdomo, nikasimama karibu na mlango. Niliona ukilala, niliona wanakupaka dawa tumboni, niliona kisu. Halafu nilifumba macho, Mjomba. Mimi niliyekucheka mwaka mzima kwa kuinamia matumbo ya mbuzi, sikuweza kuangalia yako. Nilifumba mpaka nikasikia daktari akiomba uzi. Sikuona njia wala shimo. Sina hata mstari mmoja wa kukusomea, na umeniambia nisikudanganye, basi ndio huo ukweli. Nilikuwa naogopa kwamba nikiangalia nitaona kweli.

Sasa na mimi nikuombe bila mzaha. Kimaiyo yuko Longonot tangu Juni. Kile chumba alipewa mwenzake mwenye mke, yeye analala na wanaume wanne na taa moja. Mwenzake huyo anaondoka Septemba, na chumba kitakuwa wazi tena. Ndugu ya baba yake hamsalimu siku hizi. Kimaiyo ameniandikia kwamba atangoja, na nikiisoma barua hiyo naona amechoka. Mimi nataka kwenda, Mjomba. Nataka kwenda na neno lako, kwa sababu bila hilo sitatoka, na wewe unajua sitatoka. Usinijibu kwa habari za trekta.

Wako,
Chelagat


Mau Narok, 11 Agosti 1957

Mwanangu,

Trekta haijambo.

Jana nilikula nyama, kipande cha kidole kimoja, na imekaa. Mama Tapkigen alikuwa ananiangalia nikitafuna kama anayengoja matokeo ya mtihani. Ngano inageuka rangi. Mshono wangu nimewaonyesha watu wote wa shambani, na Bwana pia, ingawa hakuomba.

Ulifanya vizuri kufumba macho. Mimi nisingependa uangalie, na niliomba kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda peke yangu mle ndani. Nawe hujauliza mimi nilifanya nini Jumamosi ile, kwa hiyo nakuambia. Nilimjua mbuzi wangu tangu alipotokea kwenye ngano. Nilijua Mama ameuza kwa ajili yangu. Tulipomchinja nikamfungua mbele ya wageni, nikainama kama unavyoniona nikiinama, na macho yangu yalikuwa kwenye majani. Sikuyaangalia matumbo yale hata kidogo. Mpaka leo sijui yalikuwa na nini, majirani waliyaosha wakayala. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimetapika damu, nikafikiri siku zangu zimekwisha, na wewe unataka kuolewa na mtu wa reli, ambaye wakati wowote atapelekwa mahali ambapo lori halifiki. Ndipo nikasema shimo. Kijana wa watu nilimnyima chumba kwa sababu nilitaka uwe karibu nikifa.

Sijafa. Mwandikie Kimaiyo aje mwezi huu, kabla chumba hakijapata mwenyewe. Barno yuko, hajaenda popote, atasoma yeye kwa macho yake mawili. Akiona njia tutafurahi. Akiona doa nitasema ni minyoo, kama muuguzi wangu alivyonifundisha, na atabaki anabishana na Mama Tapkigen. Neno langu unalo kabla ya mbuzi na baada ya mbuzi. Leo asubuhi nimetoka langoni na kibuyu cha maziwa, nikaelekea upande wa Longonot, nikayapuliza kwa mdomo mara nne, ndiyo baraka yetu ya safari, kwa jina lako na la mama yako. Hilo halirudishwi, hata na mimi.

Nenda, mwanangu. Mimi nitazoea.

Mjomba wako,
arap Siele